Nyololo, Septemba 2, 2012: kidole na amri

Nyololo ni kituo cha barabarani wilayani Mufindi, mkoani Iringa, kwenye barabara kuu iendayo Mbeya na Zambia. Anayepita kwa basi hukiona kwa dakika chache tu, kisha kimebaki nyuma. Jumapili ya Septemba 2, 2012 CHADEMA walifika hapo kufungua ofisi ya tawi. Polisi nao walifika, wakiwa na askari wa Kikosi cha Kutuliza Ghasia, mabomu ya machozi na kamanda wao wa mkoa, Michael Kamuhanda. Siku haijaisha, Daudi Mwangosi alikuwa amekufa. Alikuwa mwandishi wa Channel Ten na mwenyekiti wa Klabu ya Waandishi wa Habari Iringa. Bomu la machozi lilifyatuliwa kutoka karibu mno, likampasua tumbo.

Ninasimamia kikundi cha mdahalo cha vijana wa sekondari. Kila mwaka tukifika kwenye hoja ya matumizi ya nguvu ya polisi, naanza na Nyololo, kwa sababu kisa hiki kilifika mwisho. Kuna picha, kuna ripoti, kuna kesi, kuna hukumu. Visa vingi vya aina hii kwetu huishia njiani, na kila anayeuliza hujibiwa kwamba uchunguzi unaendelea. Hiki kilipita milango yote. Na bado, kila ninapokirudia naona pengo lile lile. Mahakama ilimpata kijana aliyefyatua, nchi ikashusha pumzi, na wale waliompeleka pale na kumweka mbele ya umati ule hawakuulizwa kizimbani hata swali moja.

Vijana huanza kwa kuuliza kama polisi walitumia nguvu kupita kiasi. Kwa Nyololo swali hilo halina mdahalo ndani yake. Mtu amezungukwa na askari, mkononi ana kamera, halafu bomu linamwingia tumboni: hakuna mpinga hoja atakayesimama kulitetea. Dakika tano zinatosha, wote wamekubaliana, na hakuna aliyejifunza kitu. Kwa hiyo nawarudisha nyuma, saa kadhaa, siku kadhaa, mpaka kwenye karatasi. Nguvu ya dola huanzia kwenye karatasi, muda mrefu kabla ya silaha kushikwa.

Katazo

Mwaka 2012 ulikuwa mwaka wa Sensa ya Watu na Makazi. Kuhesabu kulianza Agosti 26 na kulipangiwa siku saba. Baadaye zikaongezwa siku saba nyingine, hadi Septemba 8. CHADEMA wakati huo walikuwa kwenye kampeni yao ya M4C (Movement for Change, yaani vuguvugu la mabadiliko), wakizunguka mikoani kufungua matawi. Agosti 27 walikuwa Morogoro. Polisi walipowatawanya wafuasi wao, muuza magazeti mmoja aliuawa. Siku sita tu baadaye msafara uko Mufindi, na polisi wale wale wa nchi ile ile wanausubiri. Nasisitiza siku sita hizo kwa sababu mara nyingi Nyololo husimuliwa kama ajali iliyodondoka kutoka mbinguni. Onyo lilikuwa limekwisha kutolewa, na lilitolewa kwa damu.

Katazo la polisi lilisimama juu ya sensa: mikusanyiko ya kisiasa ingoje hesabu iishe. Sitaki kulidharau. Sensa ni kazi kubwa ya taifa, hufanyika mara moja kila miaka kumi, na karani hawezi kuhesabu kaya ambayo mama, baba na watoto wote wako uwanjani wanasikiliza hotuba. Upande wa chama walikuwa na jibu lao: kufungua ofisi ya tawi ni shughuli ya ndani ya chama, si mkutano wa hadhara. Kila upande ulikuwa na hoja, na hoja za namna hiyo zina mahali pake pa kuamuliwa: ofisini, kwa barua, au mahakamani.

Hapa huwa nawapa vijana historia ndogo ambayo watu wazima wengi hawaijui. Zamani huwezi kukusanya watu bila kibali. Mwaka 1993 Mchungaji Christopher Mtikila alifungua kesi Mahakama Kuu Dodoma, na Jaji Kahwa Lugakingira akasema kwamba haki ya kukusanyika iliyoandikwa kwenye Katiba haiwezi kutegemea hisani ya ofisa wa serikali. Sheria ikabadilishwa. Leo kifungu cha 43 cha Sheria ya Jeshi la Polisi na Polisi Wasaidizi, Sura ya 322, kinataka taarifa ya maandishi, angalau saa 48 kabla, kwa ofisa wa polisi msimamizi wa eneo. Taarifa, si kibali. Kibali unapewa, taarifa unaitoa. Polisi wanabaki na uwezo wa kuzuia mkutano wakiamini utavunja amani, lakini hiyo ni hali ya pekee, inayohitaji sababu ya pekee.

Mazoea yetu yalikataa kubadilika na sheria. Mpaka leo utasikia kiongozi wa mtaa anasema "hawana kibali", na mwandishi anaandika hivyo hivyo, na msomaji anaona sawa. Neno limekufa kwenye kitabu cha sheria, linaishi mdomoni. Kwa maoni yangu nusu ya ubishi wetu kuhusu nguvu ya polisi imejificha ndani ya neno hilo moja. Mtu akishaitwa "asiye na kibali", kila atakachofanyiwa huonekana amejitakia.

Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, chini ya Jaji Amiri Manento, ilichunguza tukio na kuona kwamba haki za binadamu na misingi ya utawala bora vilivunjwa. Kilichonivutia katika kazi yao ni kwamba hawakuishia kwenye bomu. Walirudi kwenye katazo lenyewe na kuhoji uhalali wake: nani alikuwa na mamlaka ya kulitoa, na alilitumiaje. Swali hilo ndilo lililopaswa kwenda mbali zaidi.

Kamanda alikuwa na njia ngapi?

Tuseme katazo lilikuwa halali kabisa. Tuseme chama kilikosea kulipuuza. Sasa kamanda yuko Nyololo, ofisi inafunguliwa, bendera inapandishwa, watu wanashangilia. Afanye nini?

Zoezi hili nalipenda kuliko yote kwa sababu vijana hulitatua haraka kuliko tulivyotegemea. Mmoja atasema: waachwe wamalize, halafu viongozi waitwe kituoni kesho yake. Wanajulikana kwa majina na kwa anwani za ofisi, hawatatoroka. Mwingine atasema: wapigwe picha za video, wafunguliwe shtaka la mkusanyiko usio halali, hakimu aamue. Wa tatu atasema: kamanda azungumze na kiongozi wao ana kwa ana, wapeane nusu saa. Njia zote hizo zipo, ni za kisheria, na hazihitaji hata bomu moja. Kanuni za Msingi za Umoja wa Mataifa kuhusu matumizi ya nguvu na silaha, zilizopitishwa Havana mwaka 1990, zinasema jambo hilo hilo kwa lugha ya kiofisi: mkusanyiko ukiwa si halali lakini hauna vurugu, polisi waepuke nguvu, na isipowezekana kuepuka, watumie kiasi kidogo kabisa.

Mwaka mmoja nilimwalika mzee mmoja, askari mstaafu, aje awasikilize. Alikaa kimya muda mrefu. Alipopewa nafasi alianza kwa kuwaita "wanangu", akawaambia wanazungumza kama watu ambao hawajawahi kurushiwa jiwe. Akaeleza jinsi kofia ya chuma inavyobana masikio, jinsi usivyosikia anachosema mwenzako aliye hatua tatu, jinsi umati unavyoonekana mkubwa mara tatu ukiwa umesimama mbele yake na ngao. Akasema askari akirudi nyuma mbele ya watu leo, kesho hawezi kwenda kumkamata hata mwizi wa kuku, kwa maana watu wameshamwona mgongo.

Hoja yake niliichukulia kwa uzito na bado naichukulia hivyo. Hofu ya askari ni ya kweli. Lakini tazama inaelekea wapi. Kama askari aliye mstari wa mbele hasikii, haoni vizuri, anaogopa, na ana miaka ishirini na kitu, basi uamuzi wa kumweka pale na kumpa silaha ile ni mkubwa kuliko uamuzi wake wa kufyatua. Mzee alikuja kumtetea kijana, na aliyoyasema yakawapandisha vijana ngazi, mpaka kwa kamanda. Nilimweleza hivyo kwa heshima, shikamoo yake ikiwa bado mdomoni mwangu, naye alitikisa kichwa akasema hilo hakulifikiria hivyo.

Kuhusu hofu ya kuonekana umerudi nyuma: hapo sikubaliani naye. Mahali ambapo polisi huheshimiwa ni pale mama anapoibiwa usiku, anapiga simu, wanafika. Heshima hiyo haijengwi kwa kutawanya watu waliokuja kupandisha bendera.

Bomu ni nini hasa

Tunasema "mabomu ya machozi" kwa wepesi, kama tunavyosema mvua. Neno lenyewe limeshatuzoesha kufikiri kwamba kinachotoka ni moshi na machozi, na kwamba baada ya kunawa uso mambo yamekwisha. Kinachotoka kwenye bunduki ile ni mkebe mgumu unaosukumwa na baruti kwa kasi kubwa. Umetengenezwa uruke juu kwa upinde, uanguke mbali, umwage gesi chini ya miguu ya watu ili watawanyike. Ukiurusha sambamba na ardhi kumwelekea mtu, unakuwa risasi nene. Ukiufyatua mwili ukiwa karibu na mdomo wa bunduki, hakuna tena suala la gesi. Mwongozo wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2020 kuhusu silaha zisizokusudiwa kuua unasema wazi kwamba makombora ya namna hii kwa kawaida yasifyatuliwe kumlenga mtu. Ulitoka miaka minane baada ya Nyololo, lakini maarifa hayo hayakuwa mapya. Kila aliyewahi kufunzwa kutumia bunduki ile anajua inaelekezwa juu.

Tena kuna jambo moja kwenye kisa hiki ambalo halizungumzwi vya kutosha. Bomu la machozi lina kazi moja tu: kutawanya watu wengi. Mwangosi wakati ule alikuwa mmoja, na alikuwa mikononi mwa askari. Kwa maelezo ya waandishi waliokuwapo, alikuwa amekwenda kuuliza kwa nini mwandishi mwenzake anapigwa, ndipo askari wakamgeukia. Picha zilizochapishwa magazetini zinamwonyesha akiwa katikati yao, amezidiwa. Hakukuwa na umati wa kutawanya pale alipolala. Kwa hiyo hata ukikubali kila sababu ya polisi, kuanzia sensa hadi mawe, silaha ile haikuwa na kazi yoyote mahali pale kwa dakika ile.

Na kuna askari mwingine. Ofisa mmoja wa polisi alimkumbatia Mwangosi akijaribu kumkinga dhidi ya wenzake. Bomu lilipolipuka naye alijeruhiwa. Mwaka wa kwanza nilipowasimulia vijana habari ya ofisa huyo, chumba kizima kilinyamaza. Walikuwa wamekuja tayari kugawanyika, polisi upande huu na raia upande ule, na hapa kuna polisi aliyeumizwa na silaha ya polisi akiwa anafanya kazi halisi ya polisi.

Uchunguzi, halafu kesi

Maelezo ya kwanza kutoka upande wa polisi yaliashiria kwamba kilichomuua Mwangosi kilirushwa kutoka upande wa watu. Picha ziliyapinga kabla hayajakauka. Kama wenzake wasingekuwa na kamera, naamini kabisa tungekuwa leo tunabishana kuhusu kitu kilichorushwa na watu wasiojulikana, na baadhi ya viongozi wa CHADEMA ndio wangekuwa wamesimama kizimbani. Hilo si wazo la kubuni tu. Nitalirudia nikifika Kinondoni.

Septemba 11 waandishi wa Dar es Salaam waliandamana kimya hadi Jangwani, wamevaa nguo nyeusi. Waziri wa Mambo ya Ndani, Emmanuel Nchimbi, alifika na akakataliwa kuwa nao. Alikuwa ameunda kamati ya watu watano chini ya Jaji mstaafu Stephen Ihema. Baraza la Habari Tanzania na Jukwaa la Wahariri nao wakafanya uchunguzi wao, wakahitimisha kwamba Mwangosi aliuawa mikononi mwa polisi chini ya usimamizi wa kamanda wa mkoa. Ukijumlisha na Tume ya Haki za Binadamu, unapata chunguzi tatu kwa kifo kimoja ndani ya muda mfupi. Wingi huo wenyewe unaeleza jambo: hakukuwa na chombo kimoja ambacho wote wangekiamini, kwa hiyo kila upande ulijitafutia ukweli wake.

Aliyeshtakiwa ni mmoja, Pacificus Cleophace Simon, askari kijana wa miaka 23. Shtaka lilikuwa la mauaji. Kesi ilichukua karibu miaka minne. Julai 2016 Jaji Paul Kihwelo wa Mahakama Kuu, Iringa, alimtia hatiani kwa kuua bila kukusudia na kumhukumu kifungo cha miaka 15. Ushahidi uliobeba uzito mkubwa ulikuwa maneno ya mshtakiwa mwenyewe, ungamo alilolitoa mbele ya mlinzi wa amani, yaani ofisa wa mahakama anayeruhusiwa kisheria kuandika maungamo.

Hapo nawasimamisha vijana, waisome sentensi hiyo tena. Mahali palijaa askari. Makamanda walikuwapo. Waandishi walikuwapo na kamera zao. Silaha za polisi hutolewa ghala kwa kusainiwa. Halafu, ili mahakama ijue nani alifyatua, uzito mkubwa ukaangukia kwenye ulimi wa yule yule aliyefyatua. Kama kijana yule angenyamaza, sijui kama leo tungekuwa na hukumu yoyote ya Nyololo.

Simlaumu jaji. Mahakama ya jinai hupewa shtaka na mshtakiwa, na huamua juu ya hivyo viwili. Shtaka lilimhusu mtu mmoja kwa tendo moja, na kwa tendo hilo hukumu ilitoka. Wala simtetei askari. Ameua mtu, na miaka 15 kwa roho ya Mwangosi hakuna anayeweza kusema ni mingi. Ninachosema ni kwamba mlolongo wote niliousimulia hapo juu, yaani katazo, uamuzi wa kupeleka kikosi, uamuzi wa kutawanya, bunduki iliyotumika umbali usiostahili, mpaka askari kumshambulia mtu ambaye walikuwa wamekwisha kumzunguka, haukuwa kwenye hati ya mashtaka. Wala sisemi kamanda alikusudia kifo kile. Kanuni zile za Havana hazihitaji kukusudia: zinataka mkubwa awajibike kama alijua, au alipaswa kujua, kwamba walio chini yake wanatumia nguvu isivyo halali, na hakuchukua hatua zilizokuwa ndani ya uwezo wake kuwazuia. Mtu aliyekuwapo pale pale anaweza kujibu swali hilo kwa urahisi kuliko mwingine yeyote. Kizimbani hakuulizwa.

Kidole kisipopatikana

Februari 16, 2018, Akwilina Akwilini, mwanafunzi wa Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, alikuwa ndani ya daladala Kinondoni, Dar es Salaam. Alikuwa kwenye safari zake za masomo, hakuwa kwenye maandamano ya mtu. Siku iliyofuata ilikuwa ya uchaguzi mdogo, na wafuasi wa CHADEMA walikuwa wanaelekea kwa msimamizi wa uchaguzi kudai barua za mawakala wao. Polisi wakafyatua kuwatawanya. Risasi ikampata Akwilina kichwani, kwenye kiti chake. Alizikwa kwao Rombo.

Askari sita walishikiliwa. Aprili mwaka huo huo Mkurugenzi wa Mashtaka alifunga jalada: haikuweza kujulikana ni nani kati yao risasi yake ndiyo iliyoua. Hakukuwa na ungamo safari hii. Kidole hakikuonekana, kwa hiyo hakuna aliyeshtakiwa kwa kifo kile kama kifo.

Lakini kesi ilikuwapo. Freeman Mbowe na viongozi wenzake wa CHADEMA walishtakiwa kwa mkusanyiko ule, na kifo cha Akwilina kiliingizwa katika maelezo ya mashtaka yao. Machi 2020 Mahakama ya Kisutu iliwatia hatiani na kuwatoza faini ya jumla ya shilingi milioni 350. Juni 2021 Mahakama Kuu ikafuta hukumu hiyo. Weka visa hivi viwili kando kwa kando. Nyololo aliyefyatua alijulikana, tukamfunga, tukafunga na mjadala. Kinondoni hakujulikana, tukafunga jalada. Matokeo kwa aliyeketi juu ya wote yalikuwa yale yale. Amri ya kufyatua karibu na barabara yenye daladala zilizojaa abiria ilikuwa na mwenyewe, na kumpata mwenye amri hakuhitaji mtaalamu wa risasi. Kunahitaji karatasi ya zamu ya siku hiyo.

Kuna siku kijana mmoja, msichana wa kidato cha tano, alinipinga vizuri sana. Alisema: mwalimu, ukianza kuwashtaki wakubwa kwa makosa ya wadogo, hakuna kamanda atakayethubutu kutoa amri yoyote, na vurugu zikitokea kweli, watu watakufa wakiwa wanasubiri polisi. Ni pingamizi zito. Ninalijibu hivi: anayeogopa kusaini amri halali ana tatizo la mafunzo, na linatibika. Anayeogopa kusaini kwa sababu amri yake si halali, tunataka aogope. Daktari husaini kabla ya upasuaji. Mhandisi husaini kabla ya daraja kupitwa. Kazi hizo hazikufa kwa sababu ya saini.

Nchi jirani inatupa mfano wa njia nyingine, mfano wenye makovu yake. Agosti 2017, katika vurugu za baada ya uchaguzi Kisumu, mtoto wa miezi sita aliyejulikana kwa wote kama Baby Pendo alipigwa akiwa mikononi mwa mama yake wakati polisi walipovamia nyumba usiku, akafa siku chache baadaye. Nani alishika rungu? Gizani, kofia usoni, hakuna aliyeweza kusema. Wakenya walianza na mlango mwingine: uchunguzi wa kifo mahakamani, ambao hauulizi kwanza "nani ana hatia" bali "mtu huyu alikufaje". Mwaka 2019 hakimu alihitimisha kwamba polisi wanawajibika, wakiwamo makamanda wa operesheni. Oktoba 2022 Mkurugenzi wa Mashtaka wa huko akaidhinisha mashtaka dhidi ya maofisa 12, wakiwamo wakubwa, kwa makosa dhidi ya ubinadamu. Kesi imesuasua na familia imechoshwa na kungoja, kwa hiyo sitaisifu kupita kiasi. Lakini njia yenyewe imeonekana: rungu likikosa mwenyewe, operesheni haikosi.

Sisi tunayo Sheria ya Uchunguzi wa Vifo, Sura ya 24. Ipo kwenye vitabu vyetu tangu zamani. Ningetamani kila kifo kinachotokea wakati polisi wanatawanya watu kipite huko kwanza, hadharani, mbele ya hakimu, kabla mtu yeyote hajaamua kama kuna jalada la kufunga au la. Kenya wana pia mamlaka yao huru ya kusimamia polisi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011. Sisi malalamiko dhidi ya polisi bado huchunguzwa zaidi na polisi wenyewe. Haya mawili kwangu ni ya haraka kuliko kuongeza adhabu kwa askari wa chini, ambalo ndilo pendekezo la kwanza linalotoka mdomoni mwa kila mtu baada ya kila msiba.

Mwaka huu vijana walikataa hoja niliyowaandalia. Nilikuwa nimeandika ubaoni, kama miaka yote, kwamba polisi wa Tanzania hutumia nguvu kupita kiasi. Msichana yule wa kidato cha tano alichukua chaki, akafuta, akaandika upya: kwamba amri ya kutawanya watu iandikwe, isainiwe na kamanda aliye eneo la tukio, itaje saa na silaha zilizoruhusiwa, kabla ya bomu la kwanza. Walibishana saa mbili. Upande wa kupinga ulishinda kwa kura tatu, kwa hoja kwamba umati hausubiri kalamu. Walioshindwa wameomba marudiano, na wamemwomba mzee wetu mstaafu awe mwamuzi.